Nailoni Chini ya Zege

Novemba, Panzi, mvua haina adabu.
Mama Ntakwinja ananionyesha sebule:
"Fundi Cishugi, zege limekauka. Tazama, natembea na soksi."
Anatembea na soksi. Kweli, zinabaki kavu.
Mbao za parketi zimeegemea ukuta, libuyu ya Shabunda,
bado zinanukia msitu.
Mahari ya binti yake ni Jumamosi.

Sijibu. Nachukua kipande cha nailoni, nusu mita kwa nusu mita,
nakibandika pande zote nne kwa utepe wa gundi,
chini ya dirisha, pasipokanyagwa.
"Tukiache kilale," namwambia. "Kesho kitasema."

Zege ni mnafiki mwenye subira. Uso wake hukauka mapema,
kama mtu aliyenawa kwa ajili ya wageni;
tumbo lake bado liko kisimani.
Kila sentimita inadai wiki yake, na huku kwetu,
ambako ukungu wa Ruzizi huingia bila hodi,
inadai mbili. Hili lina sentimita kumi na mbili.
Hesabu mwenyewe.

Niliwahi kutohesabu. Muhumba, nyumba ya daktari wa meno,
nilitandaza mbao juu ya zege la siku ishirini,
nikalipwa, nikasifiwa, nikala mbuzi.
Mwezi wa tatu gundi ikageuka uji,
mbao zikavimba, zikasukumana bega kwa bega,
zikainuka katikati ya sebule kama mgongo wa paka.
Mlango ukagoma kufunguka. Daktari alikuwa ndani.
Pikipiki yangu iliuzwa kulipa ule mgongo.

Asubuhi: matone.
Madogo, mengi, mazuri hata,
na chini yake zege limekolea weusi, mraba kamili.
Mama Ntakwinja anachuchumaa.
"Nyumba inalia."
Hailii, mama. Ni maji. Yanapanda kwa sababu njia iko wazi.
Nina swali moja tu:
kabla ya kumwaga zege, walitandika nailoni juu ya udongo?
Kama ipo, tutangoja.
Kama haipo, tutangoja mlima mzima umalize maji yake.

Aliyemwaga ni mumewe. Mumewe yuko Kamituga,
kwenye mashimo ya dhahabu, na huu ni mwezi wa nane
hawajasemezana. Anaitafuta namba polepole,
anaiweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti wazi.

"Baba Ntakwinja. Uliweka nailoni?"
Kimya. Kinu cha kusaga mawe kinasikika.
"Nailoni ipi?"
"Ya chini ya zege."
Kimya cha pili, kirefu kuliko cha kwanza.
"Ile pesa... ulikuwa mwaka wa mtihani wa serikali.
Walishamtoa darasani. Nikalipa shule.
Nikasema udongo wa pale ni mgumu, utanivumilia."

Binti yuko mlangoni na beseni la nguo.
Hakuna anayemgeukia.
Mimi nashughulika na utepe wangu,
naukwangua pembeni kwa ukucha,
ingawa haukuwa na haja ya kukwanguliwa.

Ningeweza kusema: udongo hauvumilii mtu.
Nikasema: makaro. Karo halivimbi,
na mbao hizi zitafaa kabati, zitafaa kitanda cha maharusi.
Lakini si wiki hii. Jumamosi wageni wakae juu ya mikeka,
na usiku mikeka ikunjwe, zege lipumue.
Mama Ntakwinja akasema, "Mikeka tunayo."

Ijumaa jioni narudi kuchukua mwiko wangu.
Kuna viatu vya mpira kizingitini, vina matope mekundu ya safari.
Mwanamume amesimama peku chini ya dirisha,
juu ya ule mraba ambao bado haujafifia.
Anainua kidole gumba cha mguu, anakishusha.

"Pana baridi hapa," anasema, hasemi na nani.

Mkewe anapita na sufuria ya maharage.
"Ipo," anasema. Anafika jikoni, anarudi.
"Vaa soksi."